Barua kwa Mhariri: Vim isimfukuze mwanafunzi siku ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo najua wengine wataliona la mafundi tu, ila linawagusa vijana wetu wanaosoma kompyuta vyuoni na wale wanaojifunza wenyewe kwenye simu huko mitaani, nao siku hizi ni wengi kweli. Nataka kuongelea edita, yaani ile programu ya kuandikia maandishi matupu, sio Word yenye fonti na rangi, hapana, ile ambayo mtu anaandikia programu, anatengenezea tovuti, anabadilishia seting za seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine kwa mtandao. Na hasa nataka kuongelea Vim, sababu ina nguvu kuliko edita nyingi na hiyo hiyo ndo inawakimbiza wanaoanza.

Mi nafundisha kompyuta kwenye chuo kidogo huku Morogoro na kila muhula naliona jambo lile lile. Mwanafunzi anafungua Vim mara ya kwanza, anaanza kuandika kama anavyoandika meseji, anaandika "habari". Kwenye skrini inatokea "bari". Anafungua faili lingine anaandika "maombi ya kazi", inatokea "mbi ya kazi", tena imeshuka mstari wa pili. Anaita, mwalimu hii kibodi mbovu. Kibodi haina shida yoyote. Vim ikifunguka inakuwa kwenye modi, yaani hali, ya amri, kila batani unayobonyeza ni amri na sio herufi, kwa hiyo h ilikuwa amri ya kusogea kushoto, a ikamruhusu kuanza kuandika, na kuanzia hapo ndo "bari" ikaingia. Kwenye "maombi" hizo m na a zimeweka alama mahali alipo, o ikamfungulia mstari mpya, alafu ndo "mbi" ikaanza kuandikwa. Hakuna chochote kwenye skrini kilichomwambia hayo. Akichoka anataka kutoka, hajui anatokaje, anafunga dirisha zima na kazi inapotea.

Wala tusidhani ni wanafunzi wetu tu. Kwenye Stack Overflow, huko ambako waandika programu wa dunia nzima wanaulizana maswali, mwaka 2012 mtu aliuliza anatokaje kwenye Vim, na kufika 2017 swali hilo lilishatazamwa zaidi ya mara milioni moja. Watu wazima, wenye kazi zao, wamekwama mlangoni. Sasa mimi nikisikia mtu anasema kijana akishindwa Vim basi kompyuta sio fani yake, naumia, sababu tatizo halipo kwa kijana.

Na tatizo lenyewe la zamani kuliko Vim. Miaka ya 1970 kule California, kwenye maabara ya Xerox PARC, palikuwa na edita inaitwa Bravo, nzuri kwa wakati wake, nayo ilikuwa na modi. Mtu akisahau yupo modi gani akaandika tu neno "edit", ile e ilichagua waraka wote, d ikaufuta, i ikaanza kuingiza maandishi, na t ikaandikwa. Waraka mzima umebaki herufi t. Palepale PARC Larry Tesler na Tim Mott wakapewa kazi ya kutengeneza edita kwa ajili ya Ginn, kampuni ya kuchapisha vitabu vya shule, na walichofanya nakipenda sana: waliwafatilia wahariri wa vitabu wakiwa kazini, wakaona wanavyokata na kubandika karatasi, wanavyoweka alama kwa penseli, alafu ndo wakaunda edita yao ya Gypsy isiyo na modi, unaandika na herufi inaingia, unachagua, unakata, unapesti. Kukopi na kupesti tunakofanya leo kwenye simu chanzo chake ni hapo. Tesler alishikilia msimamo huo maisha yake yote mpaka alipofariki mwaka 2020, hadi namba ya gari lake ilisomeka NO MODES.

Kwanini basi Vim ina modi? Hapa kuna historia ambayo wengi wanaoitukana hawaijui. Edita ya mwanzo ya Unix, mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta, ni ed ya Ken Thompson, hiyo ukikosea inakujibu alama ya kuuliza tu, "?", basi, hakuna maelezo. Kwenye chuo cha Queen Mary kule London kulikuwa na mwalimu George Coulouris, akaona wanafunzi hawawezi kuishi hivyo, akaitengeneza upya ikaitwa em, kirefu chake edita ya binadamu wa kawaida. Mwaka 1976 akaenda nayo chuo kikuu cha Berkeley kule California, kijana mmoja anaitwa Bill Joy akaiona, akaanza kuifanyia kazi, na kutoka hapo ikazaliwa vi, ambayo ndo Vim imeifuata. Kwa hiyo mwanzo wa Vim ni mwalimu aliyekuwa anawahurumia wanafunzi wake, sio watu waliotaka kuwatesa wengine.

Joy alikuwa anatumia mashine ya ADM-3A, mishale ya kusogea imechorwa juu ya herufi h, j, k na l, na batani ya Esc ilikuwa pale ilipo Tab leo, kidole cha karibu kabisa. Nyumbani alikuwa na modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa laini ya simu, ya kasi ya 300, kama herufi 30 kwa sekunde, yaani skrini moja kamili ya herufi 1,920 ilihitaji zaidi ya dakika moja kujaa. Kwa hali hiyo ukitumia herufi moja kutoa amri unaokoa muda mwingi sana. Leo mashine zile hazipo, Esc imehamishwa mpaka kona ya juu, lakini amri zimebaki vilevile, na anayeanza leo anaziona kama mambo ya ajabu yaliyotoka hewani.

Wapo watakaosema tuachane nayo, tufundishe edita rahisi ya nano. Mi sina ugomvi na nano. Ilianzishwa na Chris Allegretta mwaka 1999, inakuonyesha chini ya skrini batani za kusevu na kutoka, na mtu anayetaka kurekebisha mstari mmoja kwenye seva inamtosha kabisa. Lakini kijana anayetaka hii iwe kazi yake ataandika kutwa nzima kwa miaka, na huko ndo Vim inalipa. Ukibonyeza d na w umefuta neno. Ukibonyeza c, i na alama ya nukuu, umefuta kila kilichomo ndani ya nukuu na uko tayari kuandika kipya. Ukibonyeza nukta, kile ulichofanya mwisho kinarudiwa. Nikiwa darasani napenda kuwapa faili lenye mamia ya namba za simu zinazoanza na 0, wanatakiwa kuweka +255 mbele badala ya hiyo sifuri. Wanaanza moja moja, wanafuta sifuri, wanaandika, wanashuka. Alafu nawaonyesha :%s/^0/+255/ na Enter, faili lote limebadilika. Ukimya unaoingia darasani hapo! Baada ya siku hiyo hakuna anayeniuliza tena Vim ya nini.

Alafu kuna suala la vifaa vyetu. Hizi edita za kisasa zenye madirisha ni nzuri ila zinaelemea laptopu ambazo vijana wetu wananunua mtumba, wakati Vim ni nyepesi, na vi imo kwenye viwango vya Unix vyenyewe kwa hiyo ukilogini kwenye seva yoyote kwa mtandao wa kusuasua karibu uhakika utaikuta. Nina wanafunzi hawana laptopu kabisa, wanatumia Termux, programu inayokupa skrini ya kuandikia amri, kwenye simu ya Android. Kibodi ya simu haina Esc, lakini Termux imeweka kamstari ka batani za ziada juu ya kibodi, Esc na Ctrl zimo, na ukishikilia batani ya kuongeza sauti ukabonyeza e unapata Esc pia. Kijana yupo kwenye daladala anaandika programu kwenye Vim. Huyo ukimwambia asubiri mpaka apate mashine kubwa umemnyima kitu anachoweza kukifanya leo.

Sasa inarahisishwaje bila kuipunguzia nguvu? Njia ya kuibadilisha iwe kama Notepad ilishajaribiwa, na ipo ndani ya Vim yenyewe, inaitwa evim. Ukiifungua unaandika moja kwa moja, ukitaka amri moja unabonyeza Ctrl na O. Mi siipendekezi, na hata maelezo yake yenyewe yanasema ni ya wale walioshindwa kabisa kutumia Vim ya kawaida. Ubaya wake ni kwamba aliyezoea evim akienda kwenye seva ya kazini anakuta vi ya kawaida, anakuwa hajui lolote, anaanza upya mbele ya bosi wake.

Mimi naamini kinachotakiwa kurahisishwa ni nusu saa ya kwanza. Nguvu ibaki kama ilivyo, ila mlango uwe wazi. Na kuna ushahidi wa miaka mingi kwamba watu wa kawaida wanayaweza mambo haya magumu wakiingizwa vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bernard Greenberg aliandika toleo la Emacs kwa ajili ya kompyuta za Multics, hiyo Emacs nayo ni edita yenye nguvu kupindukia, unaweza kuipa amri mpya kwa kuiandikia programu. Makatibu muhtasi wa ofisini kwake wakapewa kijitabu cha kuonyesha jinsi ya kuiongezea amri, na kijitabu hakikutaja popote kwamba huko ni kuandika programu. Wakawa wanaandika. Watu ambao wangeambiwa "leo tunajifunza kuandika programu" wangesema sisi hatuwezi, walikuwa wanaandika programu za kuwarahisishia kazi zao bila hofu. Stallman, aliyeanzisha Emacs, alikuwa anakisimulia kisa hiki kwenye mihadhara yake, na mi nadhani kila mwalimu wa kompyuta angekijua.

Vim yenyewe imejitahidi, tuseme ukweli. Tangu toleo la 8 mwaka 2016 inakuja na seting za kumsaidia anayeanza, unaona amri unayobonyeza, unaona inavyotafuta wakati unaandika. Ukibonyeza Ctrl na C ukiwa umekwama inakuandikia chini uandike :qa na Enter ili utoke. Ukiifungua bila faili inakuonyesha ukurasa wa kukukaribisha wenye maelezo ya kutoka na ya kupata msaada. Lakini ukifungua na faili ukurasa huo haupo, na wanafunzi wengi wanakutana na Vim bila kuiita, wanatumia Git, ile programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya kazi, Git inataka maelezo ya kazi waliyofanya, inawafungulia Vim ghafla. Hapo ndo wanapokwama wengi. Na yale maneno ya chini ya skrini ni ya Kiingereza, madogo, mwanafunzi ambaye Kiingereza chake kinasuasua hata hayaangalii.

Kwenye kompyuta za maabara yetu nilifanya jambo dogo ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifanya leo. Git inakuruhusu kuweka faili la maneno ya kuanzia, seting yake ni commit.template, na mistari inayoanza na alama ya # Git inaiondoa yenyewe mwishoni. Nikaandika humo kwa Kiswahili: bonyeza i uandike, ukimaliza bonyeza Esc, andika :wq, bonyeza Enter. Basi. Watoto wakaacha kufunga madirisha. Mistari miwili mitatu ya lugha anayoielewa, imekaa pale pale anapokwama na wakati ule ule anapokwama, imefanya kazi kuliko makaratasi ya amri mia ambayo walimu wengi tunayabandika ukutani na hakuna anayeyasoma.

Na hapa ndo nafika kwenye ombi langu. Vim inakuja na somo lake la ndani, unaandika vimtutor na linafunguka, ni faili la kawaida la maandishi, unajifunza kwa kulihariri lenyewe. Limeandikwa na watu wawili wa chuo cha madini kule Colorado, Michael Pierce na Robert Ware, likarekebishwa kwa ajili ya Vim na Bram Moolenaar mwenyewe. Lina masomo kadhaa, linachukua kama nusu saa, na limepangwa kwa akili sana, jambo la kwanza ni kusogea, la pili tayari ni kutoka, yaani mlango unaonyeshwa kabla hata hujafundishwa kuandika. Limetafsiriwa kwa lugha nyingi, unaongeza tu alama ya lugha mbele, vimtutor fr unapata Kifaransa. Kwenye mashine tunazotumia sisi la Kiswahili halimo.

Mtu atasema Kiingereza ndo lugha ya kompyuta, wazoee. Haya, angalieni zoezi la kwanza la kufuta herufi. Wanakupa sentensi ya ng'ombe aliyeruka mwezi, inatoka kwenye kashairi ka watoto wa Kiingereza, imejazwa herufi za ziada, unatakiwa uzifute mpaka sentensi iwe sahihi. Mzungu anaona kosa papo hapo sababu kashairi anakajua toka utotoni. Mwanafunzi wangu kutoka Kilosa anaitazama, hajui ipi sahihi ipi sio, anahangaika na tahajia za Kiingereza badala ya kujifunza batani ya x. Mpe "Harraka harakka hainaa barakka", anacheka, anafuta herufi zote za ziada kwa muda mfupi na x imeshamkaa kidoleni. Kwa hiyo kutafsiri peke yake haitoshi, mifano nayo ibadilishwe iwe ya kwetu.

Kazi hii sio ngeni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, menyu zote, na hiyo ni kazi kubwa mara nyingi zaidi ya kafaili kamoja ka mistari isiyofika elfu moja. Na jumbe za Vim nazo, zile za chini ya skrini, zipo kwenye mafaili ya pembeni, zinatafsirika bila kuigusa programu.

Kuna sababu nyingine inayonigusa. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetoa Vim mwaka 1991 na kuitunza mpaka alipofariki Agosti 2023, mwaka 1994 alikuwa Uganda, kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, eneo la Rakai, si mbali na mpaka wetu, akishughulika na maji na usafi. Rakai enzi hizo UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi mno. Aliporudi kwao hakuweka bei kwenye Vim, aliweka ombi, kama umeipenda changia watoto wa Uganda, na kwa miaka mingi aliyeifungua bila faili, popote duniani, aliweza kulikuta ombi hilo kwenye ukurasa wa kukaribisha. Wahandisi wa Marekani na Japani wamelisoma jina la Uganda kila asubuhi kwenye kazi zao. Huyu mtu aliifunga programu yake na watoto wa ukanda huu, na sisi wa ukanda huu ndo tunaifundisha kwa lugha inayowatisha watoto wetu. Hilo linaniuma.

Kwa walimu wenzangu naomba, kipindi cha kwanza cha edita fundisheni mambo matatu tu, kuanza kuandika, kusevu, kutoka, na wayarudie mpaka vidole vijue, hizo amri nyingine zije baadaye zenyewe wakiwa na faili la kweli mbele yao. Onyesheni pia pale chini kushoto panapoandikwa INSERT, maana ndo pekee panapomwambia yupo modi gani, na hakuna anayeangalia huko asipoambiwa.

Na kwa wadau wa Kiswahili na kompyuta, somo la kwanza la vimtutor nimeshaliandika kwa Kiswahili na wanafunzi wa chuo chetu wanalifanyia mazoezi sasa hivi, la pili linaendelea. Nahitaji watu wa kulipitia, wawe wa Unguja, wa Mombasa, wa Bukavu, popote, waniambie wapi Kiswahili changu kimekuwa cha bara sana na wapi mfano hauingii kwa wanafunzi wao. Mwalimu anayetaka kulijaribu darasani kwake aandike kupitia gazeti hili, nitamtumia faili, ni dogo, halimalizi bando.

Wako,
Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro